Mwongozo kamili: kumtoa kisheria mgeni aliyegoma kuondoka kwenye nyumba uliyopanga

Wanaoshindwa kumtoa mgeni nyumbani hukwama palepale. Wanamwambia "ondoka" wakiwa na hasira, bila kutaja tarehe. Wanaendelea kupokea hela yake kila mwisho wa mwezi huku wakidai ni mgeni tu. Halafu siku uvumilivu ukiisha wanatupa begi lake nje, na kabla ya magharibi wao ndio wamekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, wakiulizwa simu na laki tatu zilizokuwa kwenye begi hilo ziko wapi.

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa Tanzania Bara: umepanga chumba, upande au nyumba nzima, ukamkaribisha mtu, na sasa hataki kuondoka. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na vyombo vyake, usichanganye.

Msingi wa yote ni huu: mgeni anakaa kwa ruhusa yako. Ruhusa ikiondolewa kwa namna inayothibitika, hana pa kusimamia. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuthibitisha mambo mawili, kwamba alikuwepo kwa ruhusa na si kwa upangaji, na kwamba ruhusa hiyo umeiondoa. Kelele na ugomvi havithibitishi lolote kati ya hayo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua mdomo

- Mkataba wako wa pango. Kama mlikubaliana kwa mdomo, tafuta stakabadhi za kodi au ujumbe wa muamala wa simu unaoonyesha kwamba wewe ndiye unayemlipa mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji wa mdomo wa muda mfupi usiozidi mwaka mmoja, kwa hiyo usidhani huna haki kwa kuwa hukuandikiana na mtu.
- Kitambulisho chako, cha NIDA kama unacho.
- Ujumbe wote mliotumiana naye, hasa ule wa mwanzo alipoomba kuja. "Nistiri wiki mbili tu, nikipata chumba nahama" ni ushahidi wa dhahabu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi. Piga picha ya skrini, lakini usifute ujumbe halisi wala usibadilishe simu bila kuuhamisha.
- Daftari dogo. Andika tarehe aliyofika, ulichomwambia na lini, na nani alisikia.
- Mashahidi wawili wasio upande wa mtu: jirani wa ukuta mmoja na mjumbe wa mtaa wanatosha. Kaka yako wa tumbo moja atasemwa amekuja kukutetea.
- Fedha kidogo: kuchapa karatasi, fundi wa vitasa, na ikibidi nauli ya mgeni mwenyewe. Hiyo ya mwisho nitairudia.

## Hatua ya 1: Jua uliyenaye ni nani kisheria

Usiruke hatua hii. Njia ya kumtoa mtu inategemea yeye ni nani mbele ya sheria, na jina unalomwita nyumbani si lazima liwe ndilo jina ambalo sheria itampa.

Mgeni wa kweli. Hajawahi kukulipa kodi, jina lake halimo kwenye mkataba, alikuja kwa kuomba. Huyu mfuate kwa hatua zote zilizo hapa chini kama zilivyo.

Mpangaji mdogo aliyejificha ndani ya mgeni. Kama kila mwezi anakupa kiasi kilekile na mnakiita kodi, hata kwa utani, ana hoja nzuri ya kudai kwamba umempangisha. Upangaji usio na muda maalumu huhesabiwa kwa kipindi cha malipo, na notisi ya kuusitisha haipungui kipindi hicho. Analipa kila tarehe 1 na wewe umempa notisi tarehe 10 Machi? Usiandike aondoke tarehe 10 Aprili. Andika tarehe 1 Mei, ili mwezi utimie na siku iangukie kwenye siku ya malipo. Kabla ya hapo soma mkataba wako: mingi inakataza kupangisha mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Ikiwa umevunja kipengele hicho, mwenye nyumba naye anaweza kukugeukia.

Mwenza. Hapa ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kama mume na mke, watadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukiwa na mtu majirani wanayemwita "mama fulani" au "shemeji" mwaka wa tatu sasa, usimwandikie notisi ya mgeni. Hilo ni suala la ndoa, la matunzo na pengine la watoto. Nenda kwa msaidizi wa kisheria au ustawi wa jamii kwanza.

Dada wa kazi au kijana wa kazi anayelala kwako. Huyu si mgeni, ni mwajiriwa. Kuondoka kwake kunakwenda na kusitisha ajira; anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anastahili notisi isiyopungua siku 28. Ukimfungia mlango, mtakutana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mtu ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa pango. Mliopanga wote ni wapangaji wote. Huwezi kumtoa peke yako. Mwenye nyumba lazima aingie.

Mtoto. Chini ya miaka 18 hafukuzwi na mtu. Tafuta mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja bila kusitasita: "Fulani aliingia tarehe fulani, kwa ruhusa yangu, halipi kodi, na hayumo kwenye mkataba." Ukikwama kwenye neno lolote hapo, rudi kwenye kundi linalohusika.

## Hatua ya 2: Acha kumtengenezea upangaji

Kuanzia siku umeamua, usipokee hela yake yoyote inayoweza kuitwa kodi. Akikutumia kwa simu, irudishe siku hiyohiyo na uandike: "Nimekurudishia, wewe ni mgeni wangu, hulipi kodi." Alizokupa nyuma kwa ajili ya LUKU, maji au mboga, ziandike kwenye daftari kwa majina hayo.

Usimsaidie kupata barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa yenye anwani yako. Watu huomba hiyo barua kwa ajili ya laini ya simu au kufungua akaunti benki, na hakuna ubaya, ila kwa mgeni unayetaka aondoke ni karatasi yenye muhuri inayomtaja kuwa mkazi wa nyumba yako.

Kuna mtego wa tatu ambao wachache huuona: anakupita pembeni na kwenda kwa mwenye nyumba. Kodi yako ya miezi sita inaisha, wewe bado unakusanya, yeye anapeleka ya miezi mitatu na kupewa stakabadhi. Kuanzia hapo unapigana na mpangaji. Ndiyo maana hatua ya 3 haisubiri.

## Hatua ya 3: Mjulishe mwenye nyumba mapema

Mpigie au mwendee, kisha umtumie ujumbe wa maandishi: nani yupo, tangu lini, kwamba si mpangaji, na kwamba umeanza kumtoa. Mwombe asipokee kodi kwa mtu mwingine yeyote kwa ajili ya nyumba hiyo.

Wengi wanaogopa hatua hii kwa sababu hawakumwambia mwenye nyumba tangu mwanzo kwamba wana mgeni. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mwenye nyumba akilisikia jambo kwa dalali au kwa jirani wa geti la pili ataamini mabaya zaidi. Na utamhitaji mbele, kama shahidi kwamba mpangaji wake ni wewe.

Usimpe mwenye nyumba kazi ya kumtoa mgeni wako. Akija na vijana, makosa yao yatahesabiwa kuwa yako pia. Tena usiwaze kuikimbia nyumba umwachie mgeni humo ndani: mkataba ukiisha unatakiwa kukabidhi nyumba ikiwa tupu, na aliyebaki ndani aliingia kupitia kwako.

Umefaulu ukiwa na jibu lake kwenye simu, hata liwe "sawa, nimekuelewa".

## Hatua ya 4: Zungumza naye, kwa heshima na kwa tarehe

Wageni wengi wanaondoka hapa hapa, bila karatasi hata moja. Wasioondoka mara nyingi hawajawahi kuambiwa waziwazi. Kumnunia, kupika kidogo, kuzima taa mapema na kumsema kwa mafumbo kupitia watoto hakuitwi kumwambia.

Chagua muda ambao hakuna aliyechoka wala mwenye hasira. Kaeni chini. Kama ni ndugu wa upande wa mkeo au mumeo, anayezungumza kwanza ni mwenye ndugu, siyo mkwe. Kama ni mkubwa kwako kiumri au kicheo cha ukoo, usimkabili peke yako. Mwombe mtu wa rika lake akae nanyi.

Maneno yanaweza kuwa hivi: "Shikamoo baba mdogo. Tulikupokea kwa moyo, na hatujuti. Ila nyumba ni ya kupanga na nafasi imetubana. Tunaomba hadi Jumamosi ya tarehe 28 uwe umepata sehemu. Kama ni nauli ya kurudi Singida, tutakuchangia. Kama ni kutafuta chumba, nitakuunganisha na dalali."

Angalia kilichomo: tarehe, sababu isiyomdhalilisha, na mlango wa kutokea. Nauli hiyo, hata iwe elfu arobaini, ni rahisi kuliko siku moja ya kufuatilia shauri ukiwa umekosa kazini. Wanaosema "simpi hata mia" nawaelewa, lakini wanalipa zaidi baadaye.

Baada ya mazungumzo tuma ujumbe mfupi: "Baba mdogo, kama tulivyoongea leo, tarehe 28 ndiyo siku ya mwisho." Akijibu "sawa", una ushahidi. Asipojibu, bado una ushahidi kwamba aliambiwa.

Onyo: usiongeze muda kwa mdomo. Akiomba wiki moja zaidi na umeridhia, iandike kwa ujumbe na useme ni mara ya mwisho. Ruhusa mpya ya kila Jumapili inaifuta tarehe uliyoweka.

## Hatua ya 5: Notisi ya maandishi

Tarehe imepita, bado godoro lake liko sebuleni. Sasa andika.

Hakuna sheria inayotaja siku kamili za kumpa mgeni asiyelipa. Kinachotakiwa ni muda wa kutosha kwa mtu wa kawaida kufungasha na kuhama. Mimi hupendekeza siku 14 kwa mtu peke yake, na 30 kwa mwenye watoto wanaosoma karibu. Saa 24 zinaonekana kama uonevu hata kama uko sahihi.

Notisi iwe ya ukurasa mmoja:

> Tarehe: ………
>
> Kwa: (majina matatu ya mgeni)
>
> YAH: KUSITISHA RUHUSA YA KUISHI KATIKA NYUMBA NILIYOPANGA
>
> Mimi (majina), mpangaji wa nyumba iliyopo Mtaa wa ………, Kata ya ………, nilikukaribisha kuishi nami kwa muda tangu tarehe ………, bila kodi.
>
> Kwa barua hii nasitisha ruhusa hiyo. Unatakiwa kuondoka na vitu vyako vyote na kunikabidhi funguo ifikapo siku ya ………, tarehe ………, saa 10 jioni.
>
> Baada ya muda huo utakuwa unakaa bila ridhaa yangu, na nitachukua hatua za kisheria.
>
> Fedha ulizowahi kunipa zilikuwa mchango wa umeme na chakula, hazikuwa kodi.
>
> Saini ya mpangaji ……… Shahidi wa 1 ……… Shahidi wa 2 ………
>
> Nimepokea: ……… Tarehe: ………

Sentensi ya fedha iandike tu kama ni kweli. Kama alikulipa kodi, iache na utumie muda wa mpangaji niliouonyesha hatua ya 1.

Usiweke matusi, tuhuma za wizi, ulevi wala uchawi. Kila tuhuma utatakiwa kuithibitisha, na notisi haihitaji sababu hata moja.

Chapa nakala tatu: yake, yako, na ya ofisi ya mtaa. Mkabidhi mbele ya mashahidi. Akikataa kusaini usigombane naye. Mashahidi waandike kwenye nakala yako, "Amekabidhiwa leo saa 12 jioni, amekataa kusaini," waweke majina, namba na saini. Mwachie yake mezani, piga picha, kisha umtumie picha hiyohiyo kwa simu.

Anayesaini ni yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa pango. Kama mkataba ni wa mume aliye safarini, mke awe na barua ya uwakilishi kutoka kwake.

## Hatua ya 6: Serikali ya mtaa

Usisubiri siku ya mwisho ifike. Peleka nakala ya notisi kwa mwenyekiti au ofisa mtendaji wa mtaa wiki hiyohiyo, igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Mwombe amwite mgeni kwa barua ya wito, mkae pamoja.

Ofisi ya mtaa haina mamlaka ya kutoa amri ya kumhamisha mtu. Faida yake ni mbili: watu wengi wanamheshimu mwenyekiti kuliko karatasi, na kikao kinazaa kumbukumbu. Kabla hamjaondoka, omba yaliyokubaliwa yaandikwe na wote msaini. Mgeni akisaini "nitaondoka tarehe 15", amekiri mwenyewe kwamba hana haki ya kubaki. Kwa upande wako karatasi hiyo ina nguvu kuliko notisi yenyewe.

Onyo moja kubwa: ukiambiwa "leta kitu kidogo tukupe mgambo wakamtoe", kataa. Mgambo wakitoa vitu vya mtu bila amri ya chombo chenye mamlaka, kesi itakuwa yako, na kile kitu kidogo hakina stakabadhi.

## Hatua ya 7: Siku ya kuondoka

Akikubali, siku hiyo uwepo mwenyewe na shahidi mmoja. Simameni mlangoni, msimpekue. Andikeni orodha fupi ya anavyochukua: godoro la futi nne kwa sita, begi moja jeusi, feni, ndoo mbili, jiko la gesi mtungi mdogo. Asaini kwamba amechukua vyake vyote. Pokea funguo zote, hadi ule wa geti na wa stoo ya uani, na uandike umepokea ngapi.

Baada ya hapo, na si kabla, mwite fundi abadilishe kitasa. Mjulishe mwenye nyumba umebadilisha, umpe ufunguo wake kama mkataba unadai hivyo.

Ameacha vitu? Viorodheshe mbele ya mjumbe, vipige picha, viweke pakavu, mtumie ujumbe wa tarehe ya kuvichukua. Usiviuze kufidia umeme aliotumia.

## Hatua ya 8: Polisi, lini uende na lini usiende

Wengi huanza na polisi, na wengi hurudishwa na jibu moja: "Hilo ni la madai, nendeni mkalimalize mtaani." Jibu hilo mara nyingi ni sahihi. Mtu kukataa kuhama, peke yake, si jinai.

Inakuwa jinai pale nia inapoonekana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kuingia kwa jinai, nalo halimgusi aliyevunja mlango tu. Linamgusa pia aliyeingia kihalali kisha akabaki isivyo halali kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi anayemiliki mahali hapo kwa wakati huo, au kwa nia ya kutenda kosa. Likitendeka katika jengo la makazi ya watu, adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja. Kumbuka wewe mpangaji ndiye mwenye kumiliki nyumba hiyo kwa maana hii, hata kama hati ni ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ukienda kituoni usiseme tu "hataki kuondoka". Beba notisi, kumbukumbu za kikao cha mtaa, na ueleze vitendo: amesema nini, ametishia lini, mbele ya nani. Omba RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni, na uandike namba yake.

Nenda mara moja, bila kusubiri notisi iishe, kama kuna kipigo, tishio la kuua, wizi, dawa za kulevya, au jambo lolote linalomgusa mtoto. Kwa dharura piga 112. Kwa ukatili dhidi ya mwanamke au mtoto ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa umeumizwa pitia kituoni uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha uende hospitali. Jeraha likiwa kubwa, hospitali kwanza, fomu itafuata.

Na usimsingizie. Kumfungulia mtu kesi ya wizi wa simu ambayo haijaibiwa ili alale ndani siku mbili ni kosa la jinai lako wewe.

## Hatua ya 9: Baraza la Kata

Muda umeisha, mtaa umeshindikana, hakuna jinai. Sasa unaingia kwenye njia ya madai. Mgogoro wa kukaa kwenye nyumba hauendi moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba. Unapitia kwanza usuluhishi wa Baraza la Kata.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu. Ukiambiwa baraza "limeamua atoke leo", jua uamuzi huo hauwezi kukazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya sheria.

Kuna kitu kimoja unachokitaka pale: hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku ya kwanza hakikisha malalamiko yako yamesajiliwa kwa tarehe na ubaki na nakala, kwa sababu siku 30 zikipita toka tarehe hiyo bila suluhu, sheria inakuruhusu kusonga mbele hata bila hati. Mgeni asipotokea vikao viwili vitatu wewe usiache kwenda. Kutokuwepo kwake kunaandikwa, na kwako pia.

## Hatua ya 10: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Hapa ndipo inapopatikana amri yenye meno. Unafungua maombi, wewe ukiwa mwombaji na yeye mjibu maombi. Unaweza kuandika kwa Kiswahili na kusimama mwenyewe bila wakili.

Maombi yaeleze nyumba ilipo, wewe ni nani kwenye nyumba hiyo, aliingiaje, ruhusa iliondolewa lini, na unaomba nini. Kwenye maombi omba mambo haya kwa majina yake: tamko kwamba hana haki ya kukaa humo, amri ya kuondoka, zuio la kurudi, na gharama za shauri. Usichoomba hutapewa.

Ambatanisha mkataba, notisi, kumbukumbu za mtaa, na hati ya Baraza la Kata. Mwenye nyumba aje kama shahidi; dakika zake kumi za kusema "mpangaji wangu ni huyu, yule simjui" zinaweza kumaliza ubishi. Ada lipia kwa namba ya malipo ya serikali tu, upewe stakabadhi.

Shauri likiendelea, lipa kodi yako kwa wakati kuliko ulivyowahi. Haki yako ya kulalamika imesimama juu ya upangaji wako. Ukiisha katikati ya shauri, mgeni atauliza wewe ni nani, na litakuwa swali la haki.

Ukishinda, usikimbilie nyumbani na vijana. Aliyeshindwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Asipotii, unarudi barazani kuomba kukaza hukumu, na anayemtoa ni dalali wa mahakama aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Dalali huyo siye yule aliyekutafutia chumba.

Huna uwezo wa kuandaa maombi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo kwenye wilaya nyingi. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao husaidia wasiomudu wakili.

## Yatakayokugeuzia kibao

Kubadilisha kitasa akiwa kazini. Kutoa vitu vyake nje na mvua ikanyesha. Kumkatia umeme na maji ndani ya chumba alicholala na mtoto. Kushika kitambulisho chake, vyeti au simu "mpaka alipe". Kumwita mwizi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kila moja linampa kitu ambacho hakuwa nacho, yaani kesi dhidi yako: kuharibu mali, shambulio, wizi au kashfa. Nimeona watu wenye haki zote wakiishia kumlipa mgeni ili afute malalamiko, na anaondoka akiwa na hela ya kupanga mahali pengine.

## Akishatoka

Mwambie mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi kwamba fulani hakai tena kwako na tangu lini. Kama jina lake liliingia kwenye daftari la wakazi wa nyumba yako, liondolewe. Badilisha nywila ya intaneti. Waambie mlinzi na watoto kwamba haingii bila wewe kuwepo, kwa sababu mtoto akimfungulia na wewe hupo, atasema alikaribishwa upya.

Akirudi kuomba kulala "leo tu", mpe nauli ya kwenda kwingine au mpokee ukijua unaanza upya: ruhusa mpya inahitaji notisi mpya. Ukimpokea, andika kwenye simu usiku huohuo ni usiku mmoja, na asubuhi atoke na begi lake, siyo aliache "nitalipitia baadaye".